Saa Iliyokunywa Maji

Saa ya mkono ya zamani hunywa maji kupitia midomo mitatu: pembeni mwa kioo, kwenye tundu la ufunguo, na chini ya mfuniko wa nyuma. Yote mitatu huzibwa kwa mipira myembamba, na mpira huzeeka kimyakimya. Hukakamaa, hupasuka, mwisho hubaki kama uzi mweusi uliokaangwa, huku maneno ya mgongoni mwa saa yanayodai kwamba haiingii maji yakiendelea kung'aa vilevile. Maneno yalichongwa kwenye chuma kisichoshika kutu. Kazi ya kuyatimiza iliachiwa mpira.

Ahadi yenyewe imekuwa na masharti tangu mwanzo. Mwaka 1926 Rolex walitoa saa waliyoiita Oyster, yaani chaza, na Oktoba 1927 mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia nayo katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, ameining'iniza shingoni. Baridi ilimshinda kabla hajafika ng'ambo, saa ikatoka majini inatembea, na tangazo kubwa lililofuata gazetini likawa la saa. Siku hizi kipimo cha kimataifa ni ISO 22810 cha mwaka 2010. Saa ya kawaida iliyoandikwa mita 30 haimruhusu mvaaji kushuka mita 30. Inamvumilia jasho, manyunyu na kunawa mikono, tena ikiwa ingali mpya. Saa yenye miaka 40 ichukuliwe kama nyumba ya tope: imara kabisa mpaka mvua inyeshe.

Mkoa wa Simiyu una maji ya aina mbili. Upande wa Busega kuna Ziwa Victoria, ambalo lipo siku zote na kila mtu anajua lilipo. Kwingine kote, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, kuna maji ya msimu, na haya ndiyo adui wa saa kwa kuwa hayana anwani. Mto Simiyu wenyewe, ulioupa jina mkoa huu uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, wakati wa kiangazi huwa barabara pana ya mchanga ambamo watu hufukua visima kwa mikono. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba, mchanga uleule hugeuka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Udongo mweusi wa mbuga, unaopendwa na pamba, hauyanywi maji hayo kwa haraka. Huyaacha juu yazurure yakitafuta korongo, na korongo huyatafutia abiria.

Kielelezo cha maelezo haya ni Seiko 5 yenye mashine ya 7009 na vito 17, mali ya ukoo mmoja wa Bariadi, iliyorithiwa kutoka kwa baba mkubwa. Mwenye saa kwa sasa ndiye mwandishi wa maelezo haya, na kwa sababu hiyo hatajwi jina wala hapewi nafasi ya kujitetea. Seiko 5 zilianza kutoka mwaka 1963, na tano ni hesabu ya sifa zake: hujijaza zenyewe kwa mtikiso wa mkono, huonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, huhimili maji kwa kiasi, zina ufunguo uliojificha upande wa saa kumi, na zina gamba na mkanda vya kudumu. Ukooni husimuliwa kwamba Baba Mkubwa alikuwa ameivaa siku Azimio la Arusha lilipotangazwa, mwaka 1967. Namba ya mgongoni haikubaliani na simulizi. Katika saa za Seiko za enzi hizo, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na ya pili ni ya mwezi. Hii inaanza na 8 na 3, yaani Machi, na kwa kuwa mashine ya 7009 haikuwapo miaka ya 60, mwaka wenyewe ni 1978 au 1988. Hoja hii iliwahi kufikishwa mbele ya Shangazi, dada wa marehemu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hiyo namba ilikuwa wapi mwaka 1967 hata ijue.

Tukio la kuingia maji halikuwa na ushujaa wowote. Mwenye saa alikuwa amepanda bodaboda akitoka kijijini kurudi Bariadi mjini, mwezi Desemba, mawingu yakiwa yamekaa chini kama turubai lililojaa maji. Korongoni pikipiki ilisimama.

"Linapitika hili?"

"Linapitika, mwalimu. Asubuhi nimepita mara mbili."

Asubuhi mvua ilikuwa haijanyesha. Katikati ya korongo injini ilikohoa, ikazimika, na pikipiki ikaanza kulala upande kwa utaratibu mzuri, kama ng'ombe aliyechoka. Kwa wakati huo mtu huokoa kile anachokithamini zaidi. Mkono wa kulia uliinua simu juu kama Mwenge wa Uhuru. Mkono wa kushoto, wenye saa, ulitafuta ardhi na kuikuta chini ya maji, ukabaki hapo umeshika fremu ya pikipiki kwa muda wote ambao dereva alihitaji kueleza kwamba asubuhi hapakuwa hivi.

Saa ilitoka inatembea, na hiyo ndiyo hila ya saa iliyokunywa maji. Haifi papo hapo. Nusu saa baadaye, jua lilipochomoza, ukungu ulitanda kwa ndani ya kioo, kwanza upande wa saa tisa, kisha pote, hadi mishale (akrabu, kama wanavyoiita watu wa Pwani) ikawa inaonekana kama watu wanaotembea ndani ya moshi.

Shangazi alipoonyeshwa, swali lake la kwanza halikuwa la kifundi. "Nani kaitia maji saa ya kaka yangu?" Jibu alilopewa ni korongo. Hakuridhika.

Ndani ya saa, maji huchagua wa kumuumiza. Sahani kuu za mashine ni za shaba ya njano, yaani brasi, ambayo hufifia rangi tu. Vito ni mawe, havijali. Lakini skrubu, ekseli za magurudumu, springi za ufunguo na ile springi nyembamba kama unywele inayoongoza mwendo wa saa nzima, nyingi katika hizi ni za chuma, na chuma chenye maji na hewa huanza kushika kutu ndani ya saa chache. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hata pale isipokula sana, huvimba na kukwamisha. Maji ya korongo huongeza lake: udongo laini na chembe za mchanga, ambazo kwenye ncha ya ekseli yenye unene unaokaribia unywele hufanya kazi ya msasa. Isitoshe saa ya kujijaza yenyewe haizimwi. Mashine ya 7009 haisimami hata ufunguo ukivutwa hadi mwisho. Itaendelea kutembea na kujisaga mpaka nguvu iishe, yapata siku moja na nusu baada ya kuvuliwa.

Kilichotakiwa kufanywa ni kifupi. Saa ivuliwe, isitikiswe, mfuniko wa nyuma ufunguliwe siku ileile na mtu mwenye kifaa chake, maji yafyonzwe, mashine ikaushwe kwa joto la uvuguvugu karibu na balbu, kisha ifumuliwe yote na kusafishwa. Mahali pa kufanyia hayo palikuwa mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka nyumbani kwa mwenye saa. Saa ilifika hapo siku ya tisa, kwa sababu njiani kulikuwa na watu wenye ushauri.

Mshauri wa kwanza alisema jua. Saa iliwekwa juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi, na kufikia saa nane ukungu ulikuwa umetoweka, jambo lililosababisha pongezi. Jioni ulirudi. Joto lilikuwa limegeuza maji kuwa mvuke, na mvuke haukuwa na mlango wa kutokea. Ulipopoa ulirudi kuwa maji na kutua mahali pengine. Mpira uliopasuka una ubaguzi huo: maji yakisukumwa na korongo huyapitisha, mvuke ukiomba kutoka huudai kibali. Kwa siku mbili maji yalihama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kioo na kurudi, mithili ya mfugaji na malisho. Mshauri wa pili alikuwa na saluni ya kike na draya, akafanya jambo lilelile kwa dakika kumi na kelele nyingi zaidi.

Wa tatu alisema mchele. Imani ya mchele imeenezwa na simu, na haina msingi hata huko ilikotoka. Mchele mkavu hufyonza unyevu wa hewa polepole sana, na humwaga vumbi la wanga. Kwa saa iliyofungwa ni bure kabisa, maana mchele uko nje na maji yako ndani, na kati yao kuna chuma. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya vingefyonza vizuri zaidi, lakini navyo vinahitaji saa iwe wazi. Saa ilizikwa kwenye kilo moja ya mchele siku tatu. Mchele huo ulipikwa Jumapili, na mezani alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua.

Ushauri wa nne haungetolewa popote nje ya Usukuma. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na katika nyumba ambayo gunia la pamba halikosekani pembeni, kila tatizo la maji lina jibu moja. Jirani, mkulima wa miaka mingi, alishangaa kwamba mtu wa Bariadi anakausha kitu kwa mchele kama vile hana kwao. Aliufungua mfuniko kwa ncha ya mkasi, mkwaruzo mmoja, mkwaruzo wa pili, wa tatu ukafanikiwa, na saa ikafungwa ndani ya pamba iliyotoka kuchambuliwa mbegu kwa vidole, laini, nyeupe, ya daraja la kwanza.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa ni kosa lenye heshima. Pamba inajulikana kwa kufyonza. Ndiyo maana ipo hospitalini. Lakini pamba ya hospitali imechemshwa kwa dawa na kupaushwa ili kuondoa nta. Unyuzi wa pamba kama unavyotoka shambani umevishwa utando mwembamba wa nta asilia, na ukiudondoshea tone la maji, tone hukaa juu likiwa limejikunja, linang'aa kama shanga. Mkulima anaweza kulima zao hilo maisha yake yote asiwe na sababu ya kulidondoshea tone na kulitazama. Jirani huyu alidondoshewa tone mbele yake, baadaye, saa ikiwa imeshafika kwa fundi. Alilitazama kwa muda mrefu. Alisema ile itakuwa pamba ya jirani yake.

Basi pamba haikufyonza chochote, ila iliacha nyuzi. Nyuzi za pamba ndani ya mashine ya saa hufanya kazi ya majani makavu ndani ya mfereji.

Fundi saa wa mjini, kama wengi wa siku hizi, anaishi kwa kubadilisha betri na kukata mikanda ya cheni, na meza yake iko barazani mwa duka la mtu mwingine. Saa ya kujijaza ikiletwa, fundi hukaa sawa kwenye kiti. Aliichukua, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo mitatu.

"Nani kaifungua hii kwa mkasi?"

Kwa mara ya pili ndani ya siku tisa, mwenye saa aliulizwa swali linaloanza na nani.

Lensi ilikwenda jichoni, na ripoti ikaanza kutoka kwa sauti ya chini, kama ya daktari anayezungumza na muuguzi ili mgonjwa asisikie. Springi za ufunguo, kutu. Skrubu tatu, kutu. Kile kipande cha nusu mwezi kinachozunguka na kuijaza saa, udongo chini yake. Springi-unywele, doa moja dogo, bahati. Hapo fundi alichomoa kwa kibano uzi mweupe wenye urefu wa nusu kucha, akaunyoosha kwenye mwanga, asiulize kitu.

Kuifumua mashine kulichukua mchana mzima na sehemu ya kesho yake, kwa sababu skrubu zenye kutu hazilazimishwi. Ziliachwa usiku kucha na tone la mafuta ya taa, ambayo hupenya mahali bisibisi isipofika. Watu wa barazani walisogea walipoona mawe mekundu. Ni uvumi wa kudumu kwamba fundi saa huiba vito, na kwa mkoa uliopakana na Shinyanga, yenye mgodi wa almasi wa Mwadui tangu 1940, uvumi huo hupata rutuba. Ukweli unasikitisha. Vito vya saa ni rubi za kutengenezwa, kwa njia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na bei yake ni ndogo mno. Vimo humo kwa sababu ni vigumu na laini, ekseli ikizunguka juu yake haisagiki. Mmoja wa wasikilizaji aliuliza, vyote 17 kwa pamoja vitatosha kiwanja? Havitoshi soda.

Usafishaji una mtego mmoja ambao umeua saa nyingi zilizopona maji. Spiriti husafisha vizuri na kukausha haraka, na kila mwenye chupa ya spiriti hujiona daktari. Lakini ndani ya mashine kuna kidude chenye umbo la nanga, ambacho huzuia na kuachia meno ya gurudumu mojawapo, na mlio wake ndio ule wa saa. Mikononi mwake kuna vijiwe viwili vya rubi vilivyogandishwa kwa lakeri ya asili, utomvu wa wadudu wadogo wa India na nchi jirani, na lakeri hiyo huyeyuka kwa spiriti. Nanga ikilazwa humo hutoka safi kabisa na bila vijiwe. Fundi alitumia petroli safi kwa sehemu hiyo na kwa gurudumu la mizani, akavuta sigara ya mteja mmoja kutoka mdomoni mwake na kuitupa barabarani bila kumtazama.

Uso wa saa hausafishwi. Maandishi yake yamekaa juu ya rangi nyembamba, na kitambaa chenye nia njema huyafuta yote. Korongo lilikuwa limeacha doa la kahawia karibu na saa mbili, na ukitazama vizuri lina umbo la Ziwa Victoria, na kisiwa kidogo mahali pa Ukerewe. Ipo njia ya kupaka uso upya, na soko la saa za Seiko 5 zilizopakwa rangi mpya huko Mumbai ni kubwa, lakini wanaokusanya saa za zamani huthamini doa la kweli kuliko rangi ya uongo. Ziwa liliachwa. Onyo lipo kwa saa zilizotangulia hizi, za miaka ya 50 kurudi nyuma: zile zilizokuwa zikiwaka gizani zilipakwa radiamu, na hata kama zimeacha kuwaka, mionzi yake haijaondoka. Unga wake haukwanguliwi wala haupulizwi.

Mafuta ni matone matone, kila moja dogo kiasi cha kutoonekana vizuri bila lensi, na ya unene tofauti kwa sehemu tofauti. Fundi cherehani wa baraza la pili alileta chupa yake kwa moyo safi. Mafuta ya cherehani kwenye saa husambaa hadi yasikotakiwa, kisha huganda kuwa gundi. Alishukuriwa, chupa ikarudi.

Wakati wa kuunga ndipo skrubu moja iliruka. Skrubu ya saa haianguki kama vitu vingine. Huruka, hugonga kitu kimoja kwa mlio mwembamba, na kutoweka.

"Mtu asitembee!"

Barazani watu saba waligandia walipo, mmoja akiwa na mguu juu, mwingine na andazi karibu na mdomo. Fundi alichomoa spika ya redio mbovu, akageuza upande wa sumaku, akaipitisha sakafuni kama mtu anayepiga pasi. Ilikusanya misumari ya viatu, kipande cha wembe, na skrubu. Watu walipiga makofi. Spika iliwekwa juu ya meza, kando ya mashine, na hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza.

Kabla ugonjwa huo haujajulikana kulikuwa na jaribio la kuzuia maji. Mpira mpya uliingizwa mgongoni na kwenye ufunguo, ukiwa umepakwa grisi ya silikoni. Mashine ya kupima mgandamizo haikuwapo, ila ipo njia ya mafundi isiyohitaji mashine. Saa ilipashwa moto kidogo karibu na balbu, kiasi cha kuhisika vuguvugu shavuni, kisha chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ya duka ikagusishwa kwenye kioo. Kama ndani kuna unyevu, ukungu hujitokeza mara moja chini ya mguso ule wa baridi. Chupa iliondolewa. Kioo kilikuwa kikavu, na kupitia humo Ziwa Victoria lilionekana kuliko wakati wowote. Soda ililipiwa na mwenye saa, akainywa fundi.

Gurudumu la mizani la mashine hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani 518,400 kwa siku, na saa ikikosea sekunde 10 kwa siku imekosea chini ya moja katika 8,000. Mizani ya namna hiyo ingepatikana vituo vya kununulia pamba, wakulima wengi wangelala mapema. Lakini saa hii ilitoka kwa fundi ikiwa inakimbia dakika 25 kwa siku. Spika ilikuwa imeitia sumaku: mizunguko ya springi-unywele ilikuwa inanatana, springi ikawa kama imefupishwa, na springi fupi huenda mbio.

Katika mji wa kawaida, saa inayokimbia ni kero. Kwa mwanakamati wa harusi ni balaa. Kikao kilichopangwa saa kumi jioni huanza saa kumi na moja na nusu, hilo linajulikana na limeheshimiwa na vizazi. Mwenye saa, akiwa na akiba ya siku tatu, alifika saa tisa kasoro robo kwa mujibu wa jua. Mwenye nyumba alikuwa anaoga. Alikaribishwa na watoto, akapewa albamu za picha, zote nne, na alipomaliza ya nne mwenye nyumba alikuwa bado anatafuta shati. Tangu siku hiyo alikabidhiwa uweka hazina, maana ilionekana ana haraka na michango.

Sumaku hutolewa kwa koili ya umeme wa majumbani: saa hupitishwa katikati, kisha huvutwa taratibu kwa mbali. Kwa fundi saa haikuwapo. Ilipatikana kwa fundi televisheni, ambaye alikuwa nayo tangu enzi za televisheni za chogo, aliyoitumia kuondoa madoa ya rangi kwenye kioo, na ambayo haikuwa imeombwa na mtu kwa miaka. Aliifuta vumbi kwa shati lake. Kazi ilichukua sekunde kumi, naye akakataa malipo, akitaka tu kujua kama kuna saa nyingine.

Hapo mambo yangeishia, kama si binamu wa Dar es Salaam. Huyu alisoma maelekezo ya Seiko kwa Kiingereza, akayatafsiri kwa hisani yake na kuyatuma: tarehe isibadilishwe kati ya saa 9 usiku na saa 4, kwa sababu muda huo meno ya kalenda huwa yameshikana. Maelekezo ni ya kweli, saa zake ndizo za kizungu. Kwa Kiswahili ni saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Mwenye saa, mtiifu kwa lugha yake, aliepuka saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi bila taabu yoyote, kwa kuwa muda mwingi huo alikuwa amelala. Ilipofika saa nne usiku, akiwa na uhakika wote, alivuta ufunguo na kuzungusha. Ulisikika mlio mmoja mdogo, kama punje ya mtama inayovunjwa kwa jino. Baadhi ya vipande vya kalenda ni vya plastiki.

Fundi ana kopo la biskuti lililojaa saa mfu, ambazo huchinjwa spea. Ilipatikana 7009 nyingine yenye uso uliooza na kalenda nzima, na gurudumu lake la siku likahamishwa pamoja na meno yake. La zamani lilikuwa na lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, kama zilivyo saa nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ghuba. Hili jipya lina Kiingereza na Kihispania, na kwa namna lilivyokaa baada ya kufungwa, linapenda kutua kwenye Kihispania. Jumatatu ni LUN, Alhamisi ni JUE. Fundi alijitolea kulisogeza, mwenye saa akakataa. Saa ilikuwa imefunguliwa vya kutosha.

Sasa inapoteza kama dakika moja kwa wiki, na husahihishwa kwa redio. Shangazi ameikubali, ingawa Ziwa Victoria lilimchukua muda, na bado kila anapokuja mjini huivua mkononi mwa mwenye saa, huisogeza mbali na macho, na kuuliza upya nani aliyeitia maji saa ya kaka yake. Mara ya mwisho alikuja Jumatano. Aliisoma dirishani kwa sauti, herufi moja moja, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani. Jumatano kwa Kihispania hufupishwa MIE.